Tope Lirudishwe

Kulitoa tope kwenye nyumba ya mtambo kulichukua wiki nzima na mikono ya mtaa mzima. Kulirudisha kulichukua asubuhi moja, tena watu wakiimba.

Habari za kulirudisha zilimkuta Mama Shuka amepiga magoti uani mbele ya karai, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Jina hilo alilipata kwa kufua shuka za zahanati, kazi iliyoilisha nyumba yake tangu mshahara wa mumewe ulipoanza kuja kwa kuruka miezi, kama panzi. Mumewe alikuwa mwangalizi wa mtambo wa umeme na maji ya mji, na yeye waliishia kumwita Mtambo. Aliingia akasimama kwenye upenu kama mtu aliyetumwa kupeleka posa kwa adui yake.

"Sema," mkewe alimwambia bila kuinua kichwa.

"Niseme nini?"

"Hilo lililokusimamisha hapo kama mlingoti. Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Bado ndiyo jibu gani, baba?"

Mtambo akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Afisa wa Maafa amekuja. Serikali imetenga fungu la mafuriko. Nono, mke wangu. Bomba kuu jipya, gurudumu jipya la umeme, mfereji wa zege kutoka mtoni."

"Mungu mkubwa!"

"Ila anataka kwanza auone uharibifu."

"Si umpeleke auone."

"Haupo," Mtambo alisema kwa sauti ndogo. "Tumeutengeneza."

Ndivyo ilivyokuwa. Mafuriko yalipopita yaliiacha nyumba ya mtambo imejaa tope hadi madirishani, na bomba kuu limekatika kama muwa. Watu waliisubiri serikali mpaka ndoo zikaota kutu, kisha wakachoka kusubiri. Wakabeba majembe, makarai, sufuria zilizotoboka, wakalizoa tope lote. Mtambo aliliunga bomba kwa kulivika mpira wa gurudumu la lori, akaubana mpira huo kwa pete nene ya chuma yenye bolti. Chuma hicho kilitoka kwenye kitanda cha mama yake mzazi, ambacho tangu siku hiyo kililala kimeinama upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Maji yakarudi mabombani. Umeme nao ulikuwa njiani; lilibaki gurudumu kupigwa grisi tu.

"Basi mwonyeshe tulivyotengeneza," Mama Shuka alisema. "Ashangilie."

"Nimemwonyesha. Amekasirika. Ameniuliza, nani aliwaruhusu ninyi kutengeneza maafa ya serikali?"

Mama Shuka akainua kichwa sasa. Povu lilimchuruzika mikononi. "Maafa yana mwenyewe?"

"Yanaye. Kanuni inasema fungu hutolewa kwa kitu kilichoharibika, na kuharibika ni lazima kuonekane kwa macho. Mgeni rasmi anakuja kukagua. Akikuta maji yanatoka, fungu linarudi lilikotoka. Kwa hiyo Mwenyekiti wa mtaa amekubaliana naye kwamba..." Akaikunja kofia tena. "Kwamba bomba lifunguliwe. Na tope lirudishwe."

Kutoka ndani, kwenye kile kitanda kilichoinama, mama yake Mtambo akacheka. Alikuwa bibi aliyekaribia kupofuka, lakini masikio yake yalikuwa hayajastaafu.

"Mnashangaa nini, wanangu? Mwaka wa nzige maafisa walikuja hivyohivyo. Nzige wamekula, wamenenepa, wamekwenda zao. Wakatuambia, tuonyesheni hao nzige. Tukawaonyesha mashamba meupe kama kiganja. Wakasema, haya ni mashamba, nzige wako wapi? Mpaka leo msaada ule haujafika. Na mwaka wa ukame ndiyo walitia fora. Fungu la ukame lilifika mvua inanyesha, wakatuamuru tusimame juani tupigwe picha tukiwa na kiu. Jua lenyewe halikuwapo. Tulilisubiri."

"Mama, si wakati wake," Mtambo alinung'unika.

"Wakati wake lini? Nikishakufa?"

Mama Shuka aliitazama milima ya shuka pembeni yake. Metroni wa zahanati alikwisha kumwambia wazi: shuka zikichelewa, au zikirudi chafu, kazi inakwenda kwa mwenye mashine ya kufulia mji wa jirani. Shuka za wagonjwa hazifuliwi kwa ndoo moja ya maji. Zinataka bomba.

"Na wewe ulimjibu nini?" alimuuliza mumewe.

"Mke wangu, mimi ni mwajiriwa."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu, sawa, Bwana Afisa."

Mkewe akasonya, akarudi kwenye karai, akaisugua shuka kana kwamba ndani yake amefungwa mtu.

*

Asubuhi ya kurudisha tope Mwenyekiti alipanda juu ya ukingo wa mfereji na kipaza sauti. Alikuwa mtu wa maneno. Aliyewahi kumsikia akihutubia harusi na msiba aliapa kwamba hotuba ilikuwa ileile.

"Ndugu wananchi! Mlijitolea kutoa, leo mjitolee kurudisha! Huu ndio uzalendo wa pande zote mbili! Kila aliyechukua tope la serikali, alirejeshe!"

Hapo pakawa na kazi. Tope halikuwa pale lilipotupwa. Lilikuwa tope zuri, jeusi, na watu hawakuwa wajinga. Kuna aliyelimwaga kwenye bustani yake ya mboga, na mboga zimekwisha kuchipua. Kuna aliyesiliba nalo banda la kuku. Jirani mmoja, fundi uashi, alikuwa amelifyatua matofali, yamepangwa kwa safu, yamekauka.

"Haya nayo ni tope," Mwenyekiti alisema akiyaonyesha kwa fimbo.

Afisa wa Maafa akayakaribia. Alikuwa kijana mwenye viatu vyenye ncha na adabu nyingi, mmoja wa wale wanaokuumiza huku wakikuomba radhi. Akalishika tofali moja, akaligeuza.

"Hapana. Samahani sana. Hili tope tayari limefanyiwa ukarabati. Halihesabiki."

Mwashi akashukuru mpaka akainama. Mwenye bustani akauliza kama tope lenye mchicha unaochipua linahesabika. Afisa akafikiri kwa haki kabisa, akasema linahesabika, ila mchicha ung'olewe, maana mafuriko hayaoti.

Basi wakabeba. Waliokuwa wamelitoa wakiimba wimbo wa kutoa, walilirudisha kwa wimbo uleule, hawakuwa na mwingine. Wakalimwaga chini ya gurudumu la umeme walilokuwa wamelisugua kwa mikono yao likang'aa. Afisa alisimama kwenye kizingiti akielekeza kama mtu anayepanga samani za sebule mpya.

"Kushoto pamekaa pasafi mno. Ongezeni. Dirishani pia, mafuriko yalifika dirishani. Hapo hapo. Ahsanteni. Sasa limekuwa kavu sana. Maafa makavu hayapendezi. Limwagieni maji."

Watu wakatazamana. Bomba kuu lilikuwa limekwisha kukatwa alfajiri, Mtambo amelifungua mwenyewe kwa spana yake, uso umegeukia pembeni kama anayemchinja kuku aliyemfuga. Maji ya kulowesha tope hayakuwapo.

Hapo ndipo lilipotokea lori la maji, boza la shemeji yake Mwenyekiti. Lilitokea upesi mno kwa boza lisiloitwa. Likamwaga maji kwenye tope kwa bei, kisha likabaki mtaani likiuza ndoo moja moja kwa walewale waliobeba tope. Mama Shuka alipouliza bei ya pipa, dereva alimtajia. Akamwomba arudie, akidhani ametajiwa bei ya boza lenyewe.

Alimkuta mumewe amekaa kwenye ukingo wa mfereji, pete ya chuma iko mapajani.

"Nipe," alimwambia.

"Afisa amesema vifaa vyote vikae stoo ya serikali."

"Hiki si kifaa cha serikali. Ni kitanda cha mama mkwe wangu."

Mtambo akamwangalia Afisa aliyekuwa mbali, akamwangalia mkewe aliyekuwa karibu. Akampa. Mama Shuka akaiviringisha pete, bolti na ule mpira ndani ya shuka ya zahanati, akajitwika kichwani, akapita katikati ya wakubwa na kuwaamkia mmoja mmoja.

*

Mgeni rasmi hakuja. Walisema anakuja keshokutwa, na keshokutwa wakasema kuna mafuriko mengine mahali pengine, ameitwa huko akayaone yangali mabichi. Kila alipoahirisha, tope lilikauka, na boza likaitwa kulilowesha. Kwa hiyo katika mji ule ambamo watoto walinawa uso kwa kitambaa, kilichopata maji bila kukosa kilikuwa ni tope.

Kilichofika kabla ya mgeni kilikuwa jiwe.

"Jiwe gani?" Mama Shuka aliuliza. Alikuwa ametoka mtoni, shuka zimemlowesha mgongo mzima. Mto bado ulikuwa rangi ya chai.

"La kumbukumbu," Mtambo alisema. "Marumaru. Zito, watu walilishusha kwa kamba. Limechongwa tayari: Mradi huu umekarabatiwa kwa fungu la maafa, ukazinduliwa na nani, sijui nani."

"Na mabomba?"

"Limekuja jiwe."

"Nimekusikia. Nauliza mabomba."

"Na mimi nakujibu, mke wangu. Limekuja jiwe."

Kesho yake alizipeleka shuka zahanati. Metroni alikuwa mama mnene, mkali, mwenye haki. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliikunjua shuka moja mbele ya wauguzi na wagonjwa waliokaa kwenye benchi. Akaipeleka puani. Akampa muuguzi naye anuse, kama watu wanaotafuta ushahidi.

"Mama, shuka hii inanuka chura."

Benchi zima likacheka. Hata mwenye mguu uliovunjika alicheka, ingawa kucheka kulimuuma.

"Bomba limekatwa, Metroni. Nafulia mtoni."

"Najua. Na mimi humu nazalisha wanawake kwa maji ya boza. Lakini mzazi nitamlaza kwenye hii?" Akaikunja, akairudisha juu ya furushi, akaligongagonga kama anayelipa pole. "Mgeni rasmi akishatoka mtamboni anakagua wodi yangu. Siku hiyo nataka shuka nyeupe. Zikija hivi, usinune, kazi nitampa mwenye mashine. Tumeelewana, dada yangu?"

"Tumeelewana."

Alirudi nyumbani na furushi. Njiani alipiga hesabu ile ambayo kila mwanamke wa mtaa ule aliijua bila kufundishwa: unga, mafuta, dawa ya macho ya mama mkwe, na shuka zilizokuwa zikibeba vyote hivyo. Bibi alimsikia anavyolitua furushi, akajua.

"Amekukatalia?"

"Amenipa mpaka siku ya mgeni."

"Na ile pete ya kitanda changu iko wapi?"

"Chini ya mto wako, mama. Unailalia."

"Ndiyo maana shingo inaniuma," bibi alisema. "Acha ikae. Nimekwisha kulalia mabaya zaidi ya hayo. Niliolewa miaka arobaini."

*

Mgeni rasmi alikuja, hatimaye, na msafara, na mwavuli ambao haukuwa na jua wala mvua ya kukinga. Suti yake ilikuwa ya rangi ya maziwa. Mtaa mzima ulipangwa kwenye ukingo wa mfereji. Mwenyekiti aliwaagiza wasitabasamu mpaka fungu litangazwe. Jiwe lilisimikwa kando ya bomba la kuchotea maji nje ya nyumba ya mtambo, limefunikwa pazia. Boza lilikwisha kumwaga maji yake yote asubuhi, maana Afisa alitaka tope lililokolea. Liliposogea kumpisha mgeni, likazama magurudumu pembeni ya barabara, tupu, likanyamaza.

Mama Shuka alikuja na furushi la shuka kichwani. Alikuwa amezisuuza mara nyingi kwenye ule mto. Alizinusa, akazinusa tena, na chura alikuwa angali humo.

Mgeni alihutubia. Alisema amekuja kujionea mwenyewe. Alisema kiongozi asiyeona kwa macho yake ni kama dereva aliyefumba macho. Watu wakapiga makofi kwa huzuni, kama walivyoagizwa. Kisha akaelekea nyumba ya mtambo, Afisa akimtangulia kinyumenyume.

"Hapa ndipo maji yalipofika, mheshimiwa. Tope kama unavyoliona ni la siku ileile. Hatujaligusa."

"Mungu wangu," mgeni alisema, akakanyaga ndani ili kamera zimpate vizuri.

Tope lilikuwa limekolea kweli. Mguu wa kwanza ulikwenda hadi gotini. Wa pili ukaufuata mwenzake kutafuta habari zake. Mgeni akanyoosha mikono amshike Afisa, Afisa akampa mkono kwa adabu zake zote, na viatu vile vyenye ncha havikuwa na meno ya kushika kizingiti. Wakaenda wote wawili, polepole, kifudifudi, kama watu wanaojilaza kitandani baada ya kazi ya kutwa.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameagizwa wasitabasamu.

Walivutwa kwa kamba iliyoshushia jiwe. Mgeni alitoka hana rangi ya maziwa wala rangi ya mtu. Macho aliyafumba, mdomo ulitema mchanga.

"Maji!" alisema. "Leteni maji! Macho yangu!"

"Maji!" Mwenyekiti alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Maji haraka!"

Dereva wa boza akafungua koki yake kuwaonyesha: likatoka tone moja. Likatafakari, likadondoka.

"Mwangalizi!" Afisa alimlilia Mtambo, anajipangusa uso kwa mkono uliochafuka zaidi ya uso. "Fungua bomba!"

"Limekatika, Bwana Afisa," Mtambo alisema. "Ni maafa."

"Liunge!"

"Pete iko kwa mke wangu."

Mama Shuka akatua furushi, akalifungua, na pale katikati ya shuka ikaonekana pete ya chuma na bolti zake na mpira wake. Hakuinua.

"Wewe mama, ilete hapa!" Mwenyekiti alisema.

"Naogopa, Bwana Mwenyekiti. Kanuni si inasema uharibifu usiguswe mpaka fungu lifike?"

"Mama, tafadhali," Afisa alisema. Ilikuwa mara ya kwanza adabu yake kuwa na shida ya kweli ndani yake.

"Mimi sina neno, baba. Nauliza tu. Fungu limefika?"

"Limefika!" mgeni rasmi alinguruma, kipofu, akinyoosha mikono hewani. "Limefika, nimelileta, nani huyo anayeuliza? Ungeni hilo bomba!"

"Nikiitoa hii pete, mheshimiwa, haitafunguliwa tena?"

"Haitafunguliwa!"

"Mimi sisikii vizuri. Bwana Mwenyekiti ana chombo chake, atusemee, na walio nyuma wasikie."

Mwenyekiti alimtazama kwa jicho ambalo siku nyingine lingemfanya mtu ahame mtaa. Lakini mgeni alikuwa akitema tope. Akainua kipaza sauti.

"Bomba likiungwa," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hotuba yake ilikuwa fupi, "halifunguliwi tena."

"Na nani?" akauliza bibi, ambaye alikuwa amesogezwa na kiti chake hadi mferejini.

"Na mtu yeyote."

Mama Shuka akampa mumewe pete. Mtambo akapiga magoti, mpira ukavishwa, mwashi akashika upande wa pili, bolti zikakazwa. Bomba la kuchotea likakohoa. Likapumua, likatema maji ya rangi ya kutu, kisha yakaja meupe, mengi, yenye kelele. Mgeni rasmi akaingizwa chini ya bomba na suti yake, akanawa, akasukutua, akafumbua macho, na alichokiona kwanza duniani kilikuwa maji yanatoka.

"Kitambaa!" Afisa aliita.

Metroni, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele, akachukua shuka moja kutoka kwenye furushi akamviringisha mgeni mabegani. Mgeni akajifuta uso. Akasita. Akainusa.

"Hii inanuka nini?"

Metroni akamgeukia Mama Shuka. Mama Shuka akamtazama mgeni moja kwa moja.

"Inanuka kanuni, mheshimiwa."

Mgeni hakuelewa, au alielewa akaona heri asielewe. Kamera zilikuwa zinamsubiri. Alitazama bomba, akatazama pazia la jiwe, na uso wake ukaanza kung'aa kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. Akalivuta pazia, amevaa shuka, maji yanamdondoka ndevuni.

"Ndugu zangu! Nilipofika hapa asubuhi palikuwa na maafa. Mmeyaona, hata mimi nimeyaingia. Na sasa hivi maji yanatoka! Nani alisema fungu la serikali huchelewa? Mradi umekarabatiwa!"

Makofi. Sasa waliruhusiwa kutabasamu.

*

Mabomba mapya hayakuja. Fungu lilikwisha kutumika, na ushahidi ulikuwa maji yenyewe; kama hayakutoka kwa fungu, yalitoka kwa nini? Picha ya mgeni ndani ya shuka ilibandikwa ofisini, na Afisa alipandishwa cheo akaenda kusimamia maafa makubwa zaidi. Tope la nyumba ya mtambo walilizoa tena watu wa mtaa, kwa wimbo uleule, na safari hii mwenye bustani alilipeleka kwake likiwa bado bichi. Umeme ulirudi Jumapili moja watu wamekwisha kuusahau. Mshahara wa Mtambo uliendelea kuruka miezi. Kitanda cha bibi kilisimama sawa, kimewekewa matofali ya mwashi, yale yasiyohesabika.

Metroni alimwachia Mama Shuka kazi yake. Aliipeleka puani shuka ya kwanza iliyofuliwa kwa maji ya bomba, akaishusha, akasema tu, "Lete na mapazia."

Na pale kwenye bomba la kuchotea, jiwe la kumbukumbu lilianza kuegemea, kwa kuwa aliyelisimika alilipwa kabla hajamaliza. Siku moja likalala chali. Likalala vizuri, lina mteremko kidogo kuelekea mferejini, laini kama shavu. Mama Shuka alilizunguka, akalipapasa. Akapiga magoti, akatandaza shuka juu yake, akasugua. Zile herufi zilizochongwa ziling'oa doa kuliko kitu chochote alichowahi kukitumia.

Mwenyekiti alimkuta hapo, povu limefunika jina la mgeni rasmi.

"Wewe mama! Hilo ni jiwe la serikali!"

"Nimelisoma."

"Unafulia juu yake? Unalichakaza! Utaliharibu!"

Mama Shuka akaikamua shuka, akaipiga juu ya marumaru hadi matone yakamrukia Mwenyekiti kifuani.

"Basi mwite Afisa aje auone uharibifu," alisema. "Mwambie sitaugusa."